Jongoo wa Jiwe Aliyeletwa na Baba Mkwe

Niliolewa Ihembe mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Kwa desturi yetu mkamwana haketi uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hawazungumzi ovyo. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye goti bovu, na kwa karibu mwaka mzima nilimjua kwa kikohozi chake na mgongo wake tu. Akitaka jambo kwangu alimwambia mama mkwe, naye mama akaniambia mimi, ingawa nimesimama nyuma ya mlango na nimesikia kila neno.

Kiangazi kimoja alikwenda kwenye chemchemi za maji moto, upande wa Kyerwa, kuloweka goti. Alirudi baada ya juma moja akitembea vizuri zaidi, na katika mfuko wa koti ana kipande cha jiwe jeupe alichokiokota kando ya maji. Juu ya jiwe palikuwa na kitu kilichojikunja, chenye pingili nyingi. Yeye alisema ni mzizi. Mama mkwe alisema ni kazi ya mkono wa mtu wa zamani. Walibishana mpaka chakula kikapoa, ndipo mama akaja nalo jikoni ili na mimi nitazame.

Sikuhitaji kutazama mara mbili. Kila asubuhi nilikuwa nikigeuza majani makavu kibanjani, chini ya migomba, na wakati wa mvua jongoo hujaa humo. Nilijua wanavyojiviringa ukiwagusa, wakaficha kichwa katikati. Nikamwambia mama kwamba huyu ni jongoo.

Neno likapelekwa sebuleni. Baba mkwe akacheka, akamtuma mama aniulize jongoo asiye na mfupa hata mmoja atageukaje jiwe. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kibanjani kuokota mabaki ya jongoo waliokufa: vile vipete vyeupe vinavyobaki juani, vigumu, ukivibana vinavunjika kama ganda la yai. Nikavipanga juu ya ungo kwa umbo la mdudu mzima, nikampa mama.

Mama akaupeleka sebuleni. Kisha nikasikia hatua za baba mkwe zikija mpaka kizingiti cha jiko. Alisimama ameuelekeza uso wake migombani, nami nikapiga magoti ndani na kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Kumbe huyu mdudu huvaa chokaa tangu akiwa hai?"

"Ndivyo ninavyoona, baba. Na maji yale ya moto, yakikauka chunguni yanaacha nini?"

"Ukoko mweupe."

"Basi labda ukoko ule ndio uliomfunika."

Safari iliyofuata alibeba kikapu kidogo chenye jongoo wawili waliokufa, akakifunga mahali maji yanapochuruzika. Waliokwenda naye walimcheka: mzee wa kanisa kusafiri mwendo wa siku nzima na jongoo! Aliwajibu kwamba ni kazi aliyopewa na binti yake. Habari hiyo niliisikia kwa jirani, nikaenda kuchota maji huku natabasamu peke yangu.

Kikapu cha kwanza kilichukuliwa na mvua. Akasuka kingine. Kiangazi kilichofuata alirudi nacho, kimekuwa kigumu hata hakipindiki, na ndani yake jongoo wamevaa ukoko kama waliopakwa sukari. Tulimpasua mmoja. Ndani palikuwa patupu, ila alama za pingili zilikuwa zimebaki, moja baada ya moja. Yeye aliketi kizingitini, mimi mkekani, tukahesabu pamoja. Mama mkwe alilalamika kwamba sasa hana kazi, na sauti yake haikuwa na uchungu hata kidogo.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja mgeni, aliyekuja kusali kwetu, alionyeshwa vitu vile. Alituambia kwa upole kwamba hivyo si visukuku vya kweli. Kisukuku ni kiumbe aliyezikwa kwenye tope, na tope lile likageuka mwamba kwa muda ambao hakuna mtu awezaye kuuwazia. Lakini wapo jongoo waliozikwa hivyo, alisema, kwa kuwa jongoo walikuwa miongoni mwa viumbe wa kwanza kutambaa nchi kavu, kabla ya ng'ombe, kabla ya ndege.

Baba mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Walikula nini, kabla ya migomba?"

"Majani yaliyooza, mzee. Kama hawa wa leo."

Jibu hilo lilimridhisha kabisa. Alimsogezea mgeni kiti karibu na moto, nami nikawapakulia ndizi na maharage. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na mzee hakutaka kusikia kwamba mwalimu anaondoka.