Koti la Jenerali na Baba Yake Koko

Koti lilipotolewa kwenye mfuko wake, duka letu la ushonaji pale Yeoville, Johannesburg, lilijaa harufu ya sufu kuukuu na dawa ya nondo. Yalikuwa majira ya baridi ya 2016, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwenye koti alikuwa mama mzee wa Kitaliano aliyeishi mtaa wa jirani wa Observatory. Sisi tulimwita Sinyora. Alitaka litiwe bitana mpya, maana lilikuwa la marehemu baba yake, jenerali, na jamaa zake Italia waliomba walitunze wao.

Mama alipokuwa akilishona, Sinyora alikuja mara kwa mara, akaketi karibu na hita na kutusimulia. Katika vita vya kwanza vya dunia baba yake alikuwa luteni kijana, akipigana na Waaustria kwenye milima ya theluji. Baadaye akapandishwa vyeo huko Libya. Vita vya pili vilimkuta Abisinia, yaani Ethiopia, akiwa jenerali, na huko ndiko alikotekwa. Mimi nilikuwa nikimtafsiria Koko Kiingereza cha Sinyora. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Bukavu, Kongo, naye alikuwa pembeni akichambua maharage.

Siku moja Sinyora alisema huku akilipapasa koti, "Angalau alijisalimisha kwa Waingereza. Waafrika hawakumshinda."

Nilipotafsiri, Koko aliweka ungo chini. "Mwambie kwamba baba yangu alikuwa huko, katika jeshi la Wabelgiji. Askari wa Kongo walitembea mpaka miguu ikaoza. Majenerali wa Kitaliano waliweka silaha chini mbele yao."

Mama alinikata jicho. Sinyora ndiye aliyetuletea karibu wateja wote wa Observatory. "Acha tu, mama," alimsihi Koko.

"Mwambie," Koko akarudia.

Nikamwambia yote. Sinyora alinyanyuka, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Mama alimalizia bitana, na koti likaning'inia ukutani bila mwenyewe. Nilidhani hatutamwona tena.

Alirudi baridi ilipokuwa imeanza kupungua. Hakulitazama koti. Aliketi ubavuni mwa Koko, akaniambia, "Muulize kama baba yake aliwahi kusema walikuwaje, wale waliojisalimisha. Baba yangu hakutaka kamwe kuzungumzia siku ile."

Koko alimgeukia. "Alisema walikuwa wamekonda. Jenerali mmoja, mkanda ulikuwa ukimteleza kiunoni. Baba akampa kipande cha samaki mkavu, ingawa naye alikuwa na njaa. Kama alikuwa baba yako, sijui."

Machozi yalimtoka Sinyora. "Mwambie asante kwa samaki," alisema.

Leo Koko na Sinyora wote wawili hawapo tena duniani. Mdogo wangu, aliyezaliwa hapa Johannesburg, anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza na Kizulu. Akiona vita kwenye simu huuliza jambo moja tu: nani alishinda? Hata mimi, utotoni, sikuwa na swali jingine. Nikimsimulia habari za Abisinia namjibu bila kusita kwamba walishinda watu wetu. Lakini simwachi aondoke mpaka asikie pia habari za yule binti wa jenerali, aliyerudi kuuliza.