Mkono Usioweza Kuuacha Uzi

Yule binti daktari wa wanyama amenikalia kooni niandike habari za Mama Pindo na paka wake, ati watu wajifunze. Watu gani hao? Wangekuwa wa kujifunza wangejifunza siku ile ile, maana mtaa mzima ulisimama milangoni kutazama, na kesho yake nikawaona wale wale wakiwamiminia paka wao maziwa ya ng'ombe. Tena kalamu hainipendi, nami siipendi. Lakini nikikataa ataandika jirani yetu Kinyozi, na Kinyozi akishika kalamu atajifanya yeye ndiye aliyemponya paka. Afadhali mimi. Basi kaa usome, na usinirukie mistari.

Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo amepewa kwa sababu ya mapindo yake: gauni likitoka mkononi mwake, ukilitazama kwa nje huoni sindano ilipopita. Mumewe alikwisha kufa, binti yake kaolewa mbali, naye kabaki na chumba cha mbele chenye cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia na kioo chenye ufa. Chumba cha nyuma analala. Kati ya vyumba hivyo kuna pazia, na pazia lenyewe, kwa taarifa yako, halina pindo. Ndiyo maana husemwa kinyozi hajinyoi.

Ni mwanamke wa dharau. Sisemi kwa ubaya. Dharau ni kipaji kama kuimba, na yeye kajaliwa sauti nene. Mteja akimletea kitambaa cha maua makubwa humwuliza kama anashonewa gauni au anafunikiwa sofa. Lakini dharau yake iliyonona zaidi alimwekea jirani wa ng'ambo ya ua, mama mmoja aliyestaafu kazi ya kuunganisha simu. Huyo tunamwita Mama Kitana, kwa sababu kila asubuhi hukaa kizingitini akiwachana paka wake kwa kitana, mmoja baada ya mwingine, kama anayeandaa watoto wa shule. Paka wa Mama Kitana wana bakuli la maji safi yanayobadilishwa kila siku. Wana beseni la mchanga la kwenda haja, na mchanga unazolewa kabla haujanuka. Wanachanjwa, wanapewa dawa ya minyoo, wanapapaswa tumbo kuona kama kuna uvimbe.

Mama Pindo akiyaona hayo alikuwa akishika mbavu.

"Huyu anafuga paka au amepokea wakwe?" aliwauliza wateja, kwa sauti ya kuvuka ua.

Yeye mwenyewe paka alikuwa naye, ila hakukubali kuitwa mfugaji. Paka alikuja mwenyewe, mdogo, kaloa, akalala ndani ya kiroba cha vipande vya nguo na hakutoka tena. Mama Pindo alimwacha kwa sababu panya walikuwa wametoboa shela ya bibi harusi, fedheha ambayo mpaka leo ukiitaja anabadili mazungumzo. Akamwita Mkaguzi, maana hapakutoka nguo dukani bila paka huyo kuikanyaga na kuinusa. Kwake paka alikuwa mfanyakazi, na mfanyakazi hula jasho lake. Alitupiwa ukoko wa wali na vichwa vya samaki. Maji atajua mwenyewe pa kunywea. Siku za furaha alimpa maziwa, na kila alipompa, tumbo lilimwendesha Mkaguzi mpaka chini ya meza, naye Mama Pindo akipangusa huku akiwalaani panya kwa uchafu wao.

Mama Kitana alijaribu kumwambia. Alikuja mlangoni siku moja, kwa adabu kabisa, akamweleza kwamba paka aliyekwisha kuacha ziwa la mama yake hana haja ya maziwa ya ng'ombe, wengi wao yanawaharibu tumbo, ampe maji. Halafu akaitazama sakafu, ilivyotapakaa vipande vya nyuzi kama nywele kwa Kinyozi, akasema nyuzi zile ziokotwe, paka akianza kuchezea uzi huishia kuumeza. Ulimi wa paka una miiba midogo iliyoelekea kooni. Kitu kikishanasa hawezi kukitema. Mama Pindo hakuinua hata mguu kwenye kanyagio. Akajibu kwamba paka wa fundi anayeogopa uzi ni kama mtoto wa mwokaji anayeogopa mkate. Mama Kitana akarudi zake. Mdharau mwiba mguu huota tende, ila ukimwambia hivyo mwenye miguu mizima anakucheka.

Sasa lile ambalo Mama Pindo hataki lisemwe, ndilo nitakalolisema. Jioni akishafunika cherehani alikuwa akimpakata Mkaguzi na kumsimulia habari za siku: nani kanenepa, nani kaja kubana gauni la dada yake bila ruhusa. Binti yake akipiga simu huwa na haraka. Mkaguzi hakuwa na haraka. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyekuwa mtu wa pili, na hapakuwa na wa tatu.

Basi ikaja harusi ya watu fulani, na shangazi wa bwana harusi akataka gauni jekundu lenye marinda kiunoni, na alitaka upesi. Mama Pindo akashona akitupa vipande vya uzi mwekundu chini, huku na huku. Mkaguzi akavichezea. Mama Pindo akamwona, akacheka.

Kwanza paka akakataa kula. Mama Pindo akasema anadeka. Akatapika povu. Akasema kala mjusi. Siku iliyofuata akawa anachuruzika mate, kisha akajiingiza nyuma ya kiroba, kageukia ukutani. Paka haji kukwambia anaumwa. Anajificha, na anayepitisha siku nzima bila kugusa chakula si wa kungojewa ajirudi. Hilo analijua kila mtu mwenye macho. Mama Pindo macho alikuwa nayo, ila yalikuwa kwenye gauni la shangazi.

Akaingia Kinyozi. Duka lake limepakana na la Mama Pindo, na kwa kuwa ana kiti na kioo anajiona ana hospitali. Alimtazama Mkaguzi kwa mbali, akatamka kuwa ni homa. Akatoa mfukoni kidonge cha maumivu, akakivunja.

"Mimi kichwa kikiniuma nameza viwili na nanyoa mpaka jioni," alisema. "Kiumbe kama hiki, nusu inamtosha."

Na Mama Pindo, aliyekuwa akimdharau Kinyozi kila siku ya Mungu, siku hiyo akamsikiliza. Hofu ikiingia mlangoni, akili hutokea dirishani. Akamtoa Mkaguzi nyuma ya kiroba, akamlaza mezani ampanue kinywa. Paka akajigeuza. Hapo ndipo Mama Pindo alipouona: uzi mwekundu, unaning'inia chini ya mkia.

Lazima uujue mkono wa Mama Pindo. Ule mkono hauwezi kuona uzi ulioachia ukauacha. Kanisani, sokoni, foleni ya maji, akikuona na uzi begani, kidole gumba na cha shahada vimekwisha kuutwaa kabla hujasalimiwa. Msibani aliwahi kumkumbatia mjane akilia naye, huku nyuma anamvuta uzi wa mtandio, akauvuta mpaka pindo lote likafumuka, na mjane akanyamaza kulia akaanza kugomba. Kwa hiyo usiniulize kwa nini. Aliuona, akaushika, akavuta.

Mkaguzi alitoa sauti ambayo niliisikia mimi nikiwa uani nimeinamia karai la nguo.

Uzi haukutoka. Ulikuja kidogo, ukakaza, na Mama Pindo akausikia kwa vidole. Alikuwa ameisikia hali hiyo siku hiyo hiyo asubuhi. Unapokusanya marinda ya kiunoni unapitisha uzi kwenye kitambaa, unashika ncha, unavuta. Uzi unakaza, na kitambaa chote kinajikunyata juu yake, kunyanzi baada ya kunyanzi. Akatambua anakusanya nini. Vidole vikaachia.

"Vuta tu, mama, umebaki kidogo," alisema Kinyozi.

"Toka dukani kwangu."

Akamfunga paka ndani ya upande wa kanga, akavuka ua. Safari fupi hiyo, watoto huivuka kwa kuruka, lakini yeye alienda kama anayevuka mto uliofurika, maana kila tusi alilowahi kulirusha kuelekea kule lilikuwa limelala pale chini, na ilibidi alikanyage. Mama Kitana alikuwa kizingitini, anachana.

"Dada," alisema Mama Pindo.

Mama Kitana hakuinua macho. "Leo mimi ni dada? Juzi nilikuwa mwenye wakwe."

"Nimevuta uzi. Uko ndani yake."

Kitana kikaanguka. Na hapa nitampa mtu haki yake, ingawa ana maringo na paka wake wananitazama vibaya: hakuongeza neno la kuchoma. Alimviringisha Mkaguzi taulo mpaka kikabaki kichwa, akampanua kinywa kwa vidole viwili, akainua ulimi. Chini yake, kwenye shina, uzi mwekundu ulikuwa umezunguka na kuzama ndani ya nyama.

"Umenasa hapa, na ncha nyingine iko nyuma," alisema. "Ukivuta, unamkata matumbo kama waya kwenye sabuni. Usivute tena, usikate, usimpe mafuta, wala maziwa, wala maji. Tunampeleka."

Kinyozi alikuwa amefuata, nusu ya kidonge bado kiganjani. Mama Kitana akakiona, akamwuliza kama paka amekwisha kukimeza. Alipoambiwa bado, alishusha pumzi. Akamweleza kwamba kidonge kile cha watu kwa paka ni sumu, hata kipande. Kinyozi akasema yeye aliombwa tu ushauri. Hakuna aliyemwomba.

Wakamlaza Mkaguzi ndani ya kapu la nguo, kila mmoja kashika mkono wake wa kapu, wakatoka barabarani. Watu wakajaa milangoni kuona maajabu: Mama Pindo na Mama Kitana, kapu moja. Mmoja akauliza kama wanakwenda posa. Mama Pindo, ambaye kwa kawaida angemjibu mpaka ukoo wake wa saba, alipita akitazama kapu.

Daktari ni msichana mdogo mwenye viatu vya mpira na sauti isiyobembeleza mtu. Alipapasa tumbo, akatazama mbele, akatazama nyuma. Kisha akauliza nani aliyeuvuta. Kinyozi, aliyekuja kuchungulia mlangoni, akaanza kukagua dari.

"Mimi," alisema Mama Pindo. "Niliposikia unakusanya marinda, nikaachia."

Daktari akamtazama sana. "Ungevuta tena kidogo, mama, ungeniletea maiti. Sasa nampasua. Siahidi kitu."

Wakaachwa kwenye benchi la nje. Mama Pindo alipoinamisha macho akaona, kwenye sketi ya Mama Kitana, uzi umetoka pindoni, mrefu, unapepea. Mkono ukaondoka wenyewe. Akautazama unavyokwenda, kisha akaurudisha, akaukalia. Walikaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa, mmoja mikono mitupu mapajani, mwingine kaukalia mkono wake kama mtoto mwizi wa sukari.

Mkaguzi alitoka yu hai. Kanyolewa tumbo, ulimi nje, macho ya mlevi. Mama Pindo alimtazama kutoka pua hadi mkia. Halafu akaitazama mishono ya tumboni, na hapo nikajua, niliposimuliwa, kwamba naye amepona.

"Binti, mishono gani hii? Mipana. Mwanafunzi wangu angefumua."

"Huyu haendi harusini, mama," alisema daktari.

Akampa masharti: chakula laini kidogo kidogo, maji safi, asiruke, na asiilambe ile mishono. Cha kuzuia kulamba kilikuwa kola ngumu ya kuvishwa shingoni, lakini Mama Pindo akasema Mkaguzi hatavaa faneli ya kumiminia mafuta. Akaenda nyumbani akamshonea fulana ya kufunika tumbo, ya kitambaa chekundu kilichobaki kwa shangazi, akaipeleka kwa daktari ikaguliwe. Ilimkaa barabara. Ina pindo, bila shaka.

Usidhani kapata unyenyekevu. Mpaka leo hajamwambia Mama Kitana asante. Alichofanya ni kuingia nyumbani kwake, kushusha mapazia yote, na kuyarudisha yamepindwa upya, akisema yalikuwa yakiuaibisha ua. Mama Kitana naye akampelekea bakuli zito la maji lisilopinduka, akisema lile la Mama Pindo halifai hata kunyweshea kuku. Wameelewana.

Nyuzi sasa zinaingia kwenye kopo la bati lenye kifuniko, na sakafu inafagiliwa kabla paka hajaamka usingizi wa mchana. Mkaguzi amenenepa. Na mteja akisimama mbele ya kioo na uzi umemtoka begani, utauona mkono wa Mama Pindo ukiinuka, ukisita hewani, halafu ukigeuka kutafuta mkasi. Anakata. Havuti tena.

Nimemaliza, na mgongo unaniuma. Wewe uliyekaa kitako ukisoma, inuka sasa hivi. Piga magoti, angalia chini ya kitanda chako, chini ya sofa, nyuma ya mashine. Okota kila uzi, kila utepe, kila raba ya kufungia nywele. Kisha njoo uniambie umekuta nini, na usiniambie hukukuta kitu, maana nyumba yako naijua.