Panya wa Januari Mosi

Juzi dada yangu alikuja kunichukua katika kituo cha treni cha Takoma, bintiye akiwa kiti cha nyuma na simu mkononi. Sijafunga hata mkanda, yule mtoto akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, mama mdogo ulizaliwa saa ngapi? Nikamuuliza ya nini. Akasema ana programu ya Kichina kwenye simu: unaipa mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, nayo inakuambia wewe ni nani katika familia yako na unafaana na nani. Dada alinitupia jicho, kisha akarudi kutazama barabara. Tulikuwa tunapita mbele ya lile jengo la matofali mekundu tulikokulia, na nakuambia kweli, nilisikia harufu ya wino wa printa.

Wewe uliyekulia majengo yale huhitaji kuelezwa. Unayakumbuka mabomba ya joto yaliyogonga ukutani majira ya baridi kama mtu anayedai kufunguliwa, glasi zilizotetemeka kabatini treni ikipita, na vikapu vya nguo tulivyoteremsha hadi mashine za chini. Kwetu kulinukia sombe, yaani kisamvu, ile ya kugandishwa, iliyoachwa iyeyuke kwenye sinki tangu asubuhi. Ghorofa ya chini kulinukia chapati za Wakenya. Tulikuwa wanne kutoka Kongo: bibi, mama, dada na mimi. Baba hakufika Amerika. Mama alihudumia wazee katika nyumba mbili tofauti, na alirudi akiwa amevaa zile nguo za buluu, viatu mkononi.

Chini yetu aliishi jirani, mwanamke wa Kikenya kutoka bara, mwenye sauti kubwa na kucha nzuri. Naye alihudumia wazee, lakini alijiona anapita tu pale, akielekea mahali penye heshima zaidi. Mwaka mmoja alikuja na jambo jipya: chati za kuzaliwa za Kichina. Watu wa kanisani walipokunja uso, aliwatuliza. "Hii si uganga, jameni. Ni hesabu tu." Neno hesabu liliwalainisha hata wazee wa kanisa. Mchungaji mwenyewe alitengenezewa yake, akaiweka ndani ya Biblia ya mkewe, ili ikionekana isiwe ya kwake.

Nikiyaeleza kwa haki, mafundisho yenyewe ni haya. Mtu ana nguzo nne. Ya mwaka ni ya mababu, ya mwezi ni ya wazazi, ya siku ni yako na mwenzi wako, na ya saa ni ya watoto. Kila nguzo ina mnyama wake, na kila mtu ni kimoja kati ya vitu vitano: mti, moto, udongo, chuma au maji. Maji hulisha mti, mti hulisha moto, na kuendelea hivyo. Ukijua wewe ni kipi na mwenzako ni kipi, umejua nani amlishe nani. Wachina waliokaa na hesabu hizi karne na karne nadhani walikuwa na akili zao. Jirani yetu alikuwa amekaa nazo wikiendi mbili, katika ukumbi wa hoteli kule Herndon.

Sasa fikiria alipoanza kuwapima Wakongo. Karibu watu wazima wote wa jengo letu waliotoka Kongo walizaliwa Januari mosi. Kwenye karatasi, maana yake. Karani wa kambi ya wakimbizi alikuwa na foleni ndefu, na ukimwambia umezaliwa wakati wa kupanda mihogo, aliandika Januari mosi akaita mwingine. Mimi peke yangu kwetu nilikuwa na tarehe ya kweli, ya Julai, kwa sababu nilizaliwa katika zahanati ya kambi na nesi aliandika. Saa ya kuzaliwa hakuna aliyeijua, kwa hiyo jirani aliwapa wote saa sita mchana. Aliona hiyo ndiyo katikati, haiwezi kukosea sana.

Matokeo yakawa ya ajabu, na mwenyewe aliyatangaza ngazini kama mtu aliyegundua sayari. Wakongo wa Januari mosi wote walikuwa na panya katika nguzo ya wazazi na farasi katika nguzo ya watoto, na hao wawili hawapatani. "Ndiyo maana nyumba zenu hazina amani," akamwambia mama. "Na panya ni mnyama wa maji. Maji hayakai mahali pamoja. Sasa naelewa mbona mlihama."

Mama, ambaye alihama kwa sababu watu wenye bunduki walichoma mtaa wake, alimtazama kwa upole. "Ile tarehe walitupatia ku kambi, dada. Haiko yetu."

"Hata kama," jirani akasema. "Serikali ikishaandika, imeandika. Mbingu nazo zinafuata."

Nimesikia upuuzi mwingi tangu siku hiyo, mwingine kutoka kwa watu waliovaa tai, lakini huo bado unashika namba moja. Mbingu zinamfuata karani. Na ungeona jinsi chati zilivyoenea. Zilichapwa kwa rangi, zikatiwa kwenye plastiki, zikabandikwa sebuleni karibu na picha ya Yesu. Akina mama waliokuwa wakisalimiana kwa majina ya watoto wao wakaanza kusalimiana kwa vyuma na udongo. Mmoja alikataa kupanda gari moja na wifi yake kwa sababu chuma hukata mti. Watu wazima hawa walikuwa wamevuka mipaka kwa miguu bila kumuuliza mnyama yeyote.

Kwetu chati ilisema mimi ni moto na dada ni mti. Mti hupenda maji, kwa hiyo dada aoshe vyombo. Maji huzima moto, kwa hiyo mimi nisiguse sinki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na niliona sayansi hiyo haina kasoro. Dada alikuwa anamaliza shule ya sekondari. Alisugua masufuria ya ugali huku kitabu cha kemia kimeegemezwa kwenye chupa ya sabuni, akigeuza kurasa kwa kiwiko.

Majira hayo ya kuchipua, chuo kimoja kusini mwa Virginia kilimpa nafasi ya kusoma kemia, na kitanda bwenini. Ndipo jirani alipopanda kwetu Jumapili baada ya ibada, kompyuta kwapani. Mama alikuwa amemwita. Bibi alikuwa sakafuni akichambua maharagwe kwenye sinia, dada kwenye sinki, mimi kwenye kochi, moto usiofanya kazi.

"Huyu ni mti," jirani akasema, akielekeza ukucha kwenye kioo. "Mti hautembei, dadangu. Ukiung'oa, unakauka. Na angalia mdogo wake, ni moto. Moto unataka kuni. Kazi ya huyu msichana ni kulisha nyumba. Akienda mbali, nyinyi wote mtapoa."

Bibi hakuinua kichwa. "Huyu mutoto nilimupokea na hii mikono. Ilikuwa mavuno ya maharagi, mchana, mvua ya mawe ikapiga bati mpaka hatukusikia akilia. Januari maharagi inatoka wapi?"

"Shosho, kompyuta haijui maharagwe. Inataka tarehe."

"Basi ni mjinga kuliko mbuzi yangu," bibi akasema. "Mbuzi ilijua."

Nilicheka. Mama hakucheka. Dada alifunga bomba la maji, akageuka, mikono ikidondosha povu sakafuni.

"Mama, weye unajua ile tarehe ni ya uongo."

"Najua."

"Sasa?"

Mama alivuta pindo la gauni lake kwenye magoti, akavuta tena. "Sasa nani atabaki na bibi yako?"

Jirani akafunga kompyuta taratibu. Nadhani hata yeye aliona kwamba mashine yake haikuhitajika tena chumbani mle. Mama hakuwahi kuiamini chati ile hata siku moja. Alikuwa na aibu ya kuomba, basi akakodi mbingu zimwombee. Dada alirudi kwenye sinki akamaliza vyombo. Bwenini alilala mtu mwingine.

Mimi nilisoma. Moto ulipata kuni zake. Dada alijifunza kuhudumia wazee kama mama, na sasa anasimamia nyumba nzima ya wazee kule Manassas. Miaka mingi baadaye, tukikunja mashuka ya wageni wa mazishi ya bibi, aliniambia jambo moja tu kuhusu Jumapili ile: "Angeniomba, ningebaki." Alisema hivyo akaendelea kukunja.

Jengo sasa limepakwa rangi ya kijivu na lina mlinzi mlangoni. Jirani alihamia Herndon, nasikia anauza nyumba, na nguzo nne hazitaji tena. Chati ziliishia jalalani pamoja na makochi. Bibi alizikwa chini ya jiwe linalosema alizaliwa Januari mosi. Mama alikumbuka mvua ile ya mawe tu; bibi alikuwa mtu wa mwisho aliyejua ilipiga mwaka gani na mwezi gani. Alikaa sebuleni kwetu na sinia lake miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwomba ahesabu, kwa mavuno na kwa vita, mpaka aifikie siku yenyewe. Tulikuwa tunamuuliza Mkenya wa chini.

Garini, bintiye dada alichoka kunisubiri. Akaingiza tarehe ya mama yake, ile ya kwenye leseni, na saa sita mchana kwa kubahatisha. Akasoma, akafurahi, akainama kati ya viti kututafsiria. Mama, inasema wewe ni mti. Inasema kazi yako ni kulisha wengine.

Taa ilikuwa nyekundu. Dada alipunguza redio.

"Na walioshiba," akauliza, "imewataja?"