Deizi iliyoandikwa kamomili

Leo nimemsahihisha mtunza bustani, kisha nikamdanganya.

Ni kwenye bustani ya mawe ya hoteli moja hapa mtaani Kacyiru. Kibao kando ya maua fulani kimeandikwa "Kamomili".

Nikamwambia, "Kaka, hii ni deizi ya milimani. Kamomili ina majani membamba kama nyuzi. Haya ni mapana, tena yana manyoya."

Akainama, akayapapasa.
"Kweli, mama. Nani alikufundisha?"
"Mume wangu. Maua ndiyo kazi yake."
"Basi njoo naye Jumamosi, atuangalilie na vibao vingine."

Nikasema, "Nitamwambia."

Mume wangu nilimzika mwaka jana.

Nimefika nyumbani, hata viatu sijavua. Nadhani nilitaka tu awe na mahali pa kwenda Jumamosi.

Ninyi mngejibuje? Niende peke yangu?