Dada yangu alianza kuongea tena kwa sababu filamu ilipishana na gemu

Wakuu, mwangaluka.

Haya nimeyaona kwa macho yangu, nyumbani kwetu Somanda, hapa Bariadi. Asiyeamini sitamlaumu.

Nina dada mkubwa, Kabula. Anafanya kazi kwa wanunuzi wa pamba, lakini akirudi home ni gamer haswa.

Gemu lake lilikuwa moja tu. Dunia imeharibika, miji ni magofu, na binti mmoja anawatafutia watu wake maji. Mimi nilikuwa mtazamaji. Mayu, yaani mama yetu, alikuwa anasema mtu mzima amegeuka mtoto.

Mwaka jana bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye kokoto. Akaumia kichwa.

Hospitali walipambana, nawashukuru mpaka leo. Akaruhusiwa, ila alirudi kimya. Anakula, anatembea kwa kushikwa, anakutazama kama anatazama ukuta.

Daktari akasema tumzungumzishe vitu alivyovipenda. Tukajaribu nyimbo za kwaya, habari za pamba, mpaka ng'ombe wa babu kijijini. Wapi.

(Aliyewahi kuuguza mtu wa hivyo anajua. Unaongea naye huku moyoni umeshakata tamaa.)

Nikasikia lile gemu limetolewa filamu, tena mfululizo. Nikashusha part one. Mchana mmoja nikamwekea laptop mbele yake, mayu pembeni anapepeta mchele.

Katikati akatokea mzee mmoja, fundi wa pampu. Kwenye gemu, Kabula alipocheza, mzee huyu alibaki darajani kuzuia maadui ili binti apite na maji. Akafa. Huku kwenye filamu yuko hai, anakunywa uji.

Kabula akakunja uso. "Huyo alikufa."

Nikasimamisha filamu. Nikamuuliza nani.

"Mzee wa darajani. Tulimzika."

Mayu akaweka ungo chini, akauliza kwa Kisukuma nani kafa. Alidhani ni msiba wa ndugu. Nikamweleza ni mtu wa kwenye gemu. Akakaa sakafuni, akamshika Kabula miguu, akalia.

Kisha akasema, "Mungu ambariki aliyemfufua huyo mzee."

Mimi nilijua waandishi wamechemka. Mtandaoni nako mashabiki walikuwa wanawaporomoshea matusi. Tukaenda part two, Kabula anabisha kila kitu. Neno moja, kesho sentensi, mwisho ubishi kamili.

Part three ndiyo ikafungua fumbo. Kumbe gemu lina ending mbili, inategemea pale darajani umechagua kumuokoa mzee au kupitisha maji. Filamu zimefuata ile ambayo mzee anaokolewa.

Kabula akaniambia, "Mimi nilichagua maji. Nilimuacha kwa sababu watoto walikuwa na kiu."

Wakuu, hapo nilitoka nje kwanza. Hakukumbuka stori tu. Alikumbuka alichoamua yeye, na sababu yake.

Leo anaongea, polepole. Mkono wa kulia bado unasumbua, ila yupo. Anatutania, anamkosoa mayu chumvi kwenye mboga.

Nilichojifunza: usidharau kinachomfurahisha mwenzako hata kama kwako ni upuuzi. Akipotea, huenda ndiyo njia pekee unayoijua ya kumfuata.

Kama uliwahi kuuguza mtu aliyenyamaza, tuambie nini kilimrudisha. Kuna mtu anauguza sasa hivi na anasoma hapa, ameishiwa cha kujaribu.