Kiondo Nilichokiacha Kitupu

Kosa langu la mwanzo katika biashara hii lilikuwa kufuta unga. Niliufuta kwenye kompyuta, pamoja na mahindi na kibuyu vilivyochungulia juu ya kiondo, kwa sababu niliona vinanichafulia mchoro.

Wakati huo ndio nilikuwa nimeanza kufanya kazi na mama mdogo. Yeye ni fundi wa cherehani, anashona mifuko ya turubai kwenye kibaraza cha nyumba yake hapa Mumbuni. Mimi nilikuwa nimepata mashine ndogo ya kukata, ile inayosoma mchoro kwenye kompyuta na kuukata kwenye karatasi au plastiki laini kwa kisu chembamba. Plastiki hiyo ukiibandika kwenye kitambaa kwa pasi ya moto, imeshika, haitoki tena. Yeye ashone, mimi nipambe, ndivyo tulivyokubaliana. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu vitu, na kila nilichoharibu nilikisukuma chini ya kitanda kabla mtu hajakiona.

Mimi ni mwoga, afadhali niseme mapema. Naweza kukata ua moja asubuhi nzima kwa sababu petali ya kushoto imezidi ya kulia kwa unene wa uzi. Ndiyo maana nilizipenda zile faili za michoro za mtandaoni, nyingine za kununua, nyingine za bure. Maua, ndege, maneno ya harusi, yote yamechorwa na watu wa mbali nisiowajua, na mistari yao haitetemeki. Mteja aliposema, "Kijana, umechora vizuri," nilitabasamu tu, kisha kifua kikanibana mpaka jioni. Juu ya meza yetu ya kuuzia tulikuwa tumeandika kwamba kila kitu ni kazi ya mikono.

Basi rafiki wa mama mdogo wa kanisani, mama mmoja wa Mitaboni, akaja na kazi. Kijana wake alikuwa anaoa, na familia ilikuwa inajiandaa kupeleka mbuzi za ntheo nyumbani kwa msichana. Kwetu Ukambani, mbuzi hizo zisipofika, hata mkae pamoja mpaka mzeeke, mke hahesabiwi kuwa mke wenu. Wanawake waliokuwa wasindikize mbuzi hizo walitaka mifuko ya kufanana, yenye picha ya kiondo. Alisema anataka kiondo cha kwetu, kile cha mkonge chenye ukanda mrefu, na kiwe kimejaa.

Nilitafuta mtandaoni nisipate. Vikapu vilikuwa tele, lakini vingine vilikuwa na vifuniko, vingine na mishikio kama ya ndoo, na kimoja kilikuwa juu ya kichwa cha mwanamke mwenye shingo ndefu kama twiga. Mama mdogo akachukua kalamu, akachora mwenyewe nyuma ya karatasi anayokatia patani. Alichora kiondo, na juu yake mfuko wa unga, mahindi na kibuyu cha uji. Mistari yake ilipanda na kushuka kama njia ya mbuzi. Nikaupiga picha na kuufuatisha kwenye kompyuta, na hapo ndipo nilipoanza kurekebisha.

Mashine ikishakata, lazima utoe kwa pini vipande vyote visivyohitajika ili picha ibaki. Mama mdogo aliiita kazi hiyo kupalilia. Sasa punje za mahindi zilikuwa ndogo mno, kila nikipalilia zinang'oka na magugu. Nikafuta punje. Mahindi bila punje yakaonekana kama vidole, nikayafuta. Unga peke yake ukaonekana kama mto wa kulalia, kibuyu kikaegemea upande mmoja. Nikafuta vyote. Kilichobaki kilikuwa kiondo safi, upande huu sawa kabisa na ule, na nakumbuka nilisimama mbele ya ile kompyuta nikafurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Mama mdogo aliniomba nimwonyeshe. Nikamwambia, "Bado kidogo, aunti." Kesho yake akaniomba tena, nikamjibu vilevile, huku mifuko karibu yote nikiwa nimeshaipiga pasi. Sikutaka aone kazi nusu, halafu aiguse na kunionyesha kasoro nisizoziona mwenyewe. Nilitaka aone kitu kilichokwisha.

Mama wa Mitaboni alikuja Alhamisi pamoja na wifi yake. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Alichukua mfuko wa juu, akaunyoosha mbali na macho, akauweka chini. Akachukua wa pili. Kisha akauliza vitu viko wapi. Nikadhani anauliza mifuko mingine, nikamwambia ni hiyo yote.

"Vitu vya ndani," akasema. "Kijana yangu, kwenu mtu huenda kwa wakwe na kiondo kitupu? Kwani tunaenda kuomba unga?"

Wifi yake akacheka. "Labda ameona mbuzi zinatosha, wengine tubebe hewa."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuna mtoto aliyelelewa na nyanya yake huku asiyejua. Mimi mwenyewe nimetumwa mara nyingi kurudisha kiondo cha jirani, na haikutokea hata mara moja kirudi bila kitu, hata kama ni konzi ya pojo tu. Nilikuwa naangalia mistari, kiondo chenyewe sikukiona. Nikaanza kujieleza, nikasema vile vitu vilikuwa vinachafua picha.

Mama mdogo, aliyekuwa kwenye cherehani, akauliza taratibu, "Unga ndio uchafu?"

Kisha akamwomba rafiki yake arudi Jumamosi asubuhi. Yule mama aliondoka akisema mifuko ikibaki hivyo, ni heri waende bila.

Nilijaribu kubandua kiondo kimoja, kikaacha doa la gundi lisilosugulika. Hapakuwa na njia ila kuongeza. Nilitaka kurudi kwenye kompyuta nichore mahindi upya, yapimwe vizuri, lakini mama mdogo alikuwa ameshavuta plastiki iliyobaki na kushika mkasi. Ijumaa kutwa alikata kwa kukadiria, hindi nene, hindi jembamba, vifuko vya unga, vibuyu vya kila umbo. Mimi nilivipanga juu ya mdomo wa kiondo na kupiga pasi. Nikaunguza mfuko mmoja, turubai ikabaki na alama ya manjano. Nikauweka pembeni chini ya viraka. Baadaye mama mdogo akauona, akauangalia, akauweka upande wake.

Jumamosi mama wa Mitaboni aliichukua mifuko. Alisema sasa ni chakula, akamshukuru rafiki yake. Mimi hakuniangalia. Mama mdogo naye alikuwa amealikwa kusindikiza. Alivaa, akapakia unga wake na sukari kwenye kiondo chake cha zamani, kile cha mkonge kilichobadilika rangi mdomoni, akatoka. Ule mfuko wa alama ya manjano aliuacha umening'inia kwenye cherehani. Nilipomwuliza kama hataubeba, alisema ataubeba sokoni.

Kwa muda mrefu baada ya hapo alinishonea kama kawaida, lakini mifuko alinipa imekunjwa, bila kuniuliza nitaweka nini. Niliogopa kumwuliza kama bado anataka tufanye kazi pamoja. Nilijua akisema hapana nitabaki na mashine yangu na faili za watu.

Siku hizi kila mchoro naukata kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ukiwa bado na kasoro, nampelekea kibarazani kabla pasi haijawashwa. Mara ya kwanza aliugeuza huku na huku, kisha akaniambia ukanda ni mfupi. Wateja nawaambia mchoro upi nimeutoa mtandaoni na upi tumechora wenyewe, na yale maandishi ya juu ya meza tumeyabadilisha. Kifua bado kinanibana kila anaponyanyua karatasi. Lakini nampelekea.