Waziri wa Afya na Elimu

Darasani walimwita Waziri, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa makamo, kazi yake kubadilisha zipu na kufupisha suruali za watu katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Alihamia nchi ile na binti yake mmoja, binti mwenyewe akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Mtoto aliizoa lugha ya wenyeji mtaani kama watoto wanavyozoa mafua. Mama akabaki na salamu, bei na "samahani". Basi kila palipokuwa na ofisi, binti ndiye alikuwa mdomo wa mama yake, na mama alipougua mambo yakawa hayo hayo.

Ulikuwa uvimbe tumboni. Mwaka wa pili sasa alikuwa akiwekewa dripu hospitalini, na kila alipokwenda binti alikosa masomo, maana alikuwa chuoni anasomea ualimu. Jambo hilo lilimkereketa fundi kuliko uvimbe wenyewe. Mtoto ameipigania nafasi ile kwa jasho, halafu akakae kwenye benchi la wagonjwa kungoja kumsemea mtu mzima panapomuuma! Akapiga moyo konde, akajiandikisha kwa siri kwenye darasa la watu wazima, ghorofani juu ya maktaba. Nia yake ilikuwa moja tu: aweze kuongea na daktari mwenyewe, ili mtoto arudi darasani.

Mwalimu wao, mstaafu mwenye utani mkavu, alikuwa na mtindo wake. Mambo ya sokoni na kituo cha basi hakuyafundisha kabisa. Aliligeuza darasa kuwa baraza la mawaziri: kila mwanafunzi na wizara yake, asikilize taarifa ya habari redioni wiki nzima, kisha asimame mbele aeleze alichosikia na atoe maoni. Mwoka mikate alipewa barabara, na aliyalalamikia mashimo kwa uchungu wa mtu mwenye malori, na baiskeli yenyewe hana. Fundi aliomba afya. Mwalimu akamtwisha na elimu juu yake.

"Naona una nguvu, mama."

Alicheka kweli kweli. Nguvu gani, na kila mara ilimbidi akae na sindano kupunguza kiuno cha gauni lake mwenyewe?

Akajifunza hivyo, cherehani ikinguruma na redio ikisema. Msimcheke: kuomba chumvi dukani hakujua, alinyoosha kidole kama bubu, lakini alijua kusema "upungufu wa wauguzi" na "ongezeko la wanafunzi wanaoacha masomo" bila kujikwaa. Na maoni alikuwa nayo, tena ya moto. Wiki moja redio ilieleza habari za tiba shufaa, yaani matunzo ya wagonjwa ambao hawatapona, wapunguziwe maumivu mpaka mwisho wao. Akasimama mbele ya wenzake.

"Maoni yangu, mgonjwa aambiwe ukweli. Mwili ni wake."

Wiki nyingine ikawa zamu ya vijana wanaoacha vyuo. Hapo ndipo alipopamba moto.

"Mtoto anaachaje chuo mzazi asijue? Mzazi huyo macho yake yako wapi?"

Darasa zima lilipiga makofi, mwoka mikate akagonga meza. Alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amevimba kichwa, na jioni binti alipoingia na begi lake la vitabu, amechoka hoi, mama alimtazama akajisifu kimoyomoyo kwamba wake yeye yupo pale pale chuoni, hayumo kwenye taarifa ya habari.

"Leo wamewasomesha mpaka basi," alimwambia.

"We acha tu, mama."

Siku ya kumwona daktari ilipofika, fundi alijipamba. Alikuwa ametunga maneno yake na kuyarudia mpaka yamemkaa: kwamba kuanzia leo atakuja peke yake, na mtoto arudi kwenye masomo yake. Alitaka kumshtua binti kwa furaha. Njiani alikuwa akitabasamu peke yake, hata binti akamuuliza kulikoni.

"Hamna kitu. Tembea."

Chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili vya plastiki na kitanda kilichofunikwa karatasi. Daktari, mwanamke wa rika la binti yake au amemzidi kidogo, alitazama majibu kwenye kompyuta, kisha akageukia binti kama kawaida. Fundi alimeza mate, akangoja upenyo.

"Dripu tunasitisha," daktari alisema. "Hazimsaidii tena. Kuanzia sasa ni tiba shufaa, tumpunguzie maumivu. Pole sana."

Fundi alielewa neno kwa neno. Alikuwa amesimama na neno hilo mbele ya watu, akalieleza, akalitolea maoni. Binti alijifuta pua, kisha akamgeukia mama yake kwa lugha ya nyumbani na sauti kunjufu.

"Anasema umefanya vizuri, mama. Dripu watakupumzisha kwanza, mwili ushike nguvu."

"Aa," mama akasema. "Vizuri."

Yale aliyokuwa ametunga yaliyeyuka yote. Akayatazama mapaja yake, mikono imelala juu yake. Wala daktari hakuwa amemaliza.

"Na wewe je? Chuo wanakuruhusu?"

"Nilishaacha masomo," binti alijibu. "Tangu mwaka jana. Nafanya kazi ghalani, ya kufungasha maboksi."

"Mama anajua?"

"Hajui. Naomba usimwambie. Itamuua hiyo."

Kisha akamgeukia tena mama yake, anatabasamu.

"Anauliza habari za mitihani. Nimemwambia nimefaulu."

Moyo wa fundi ulipasuka, tena si kwa ajili ya tumbo lake. Macho yako wapi, alikuwa ameuliza mbele ya darasa zima, na wenzake wakashangilia. Aliliangalia begi pale sakafuni, lile la kila asubuhi. Zipu yake yeye mwenyewe ndiye aliyeibadilisha, na hata siku hiyo hakuwa amechungulia ndani. Alitamani kumkumbatia binti, alitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja. Lakini akisema neno moja tu, angemvua mtoto kila kitu alichokuwa akimfunika nacho mama yake, mbele ya mgeni. 

"Una swali, mama?" binti alimuuliza.

"Sina. Mwambie asante."

Walitoka. Kwenye ukumbi muuguzi aliwakimbilia nyuma, ameshika mtandio wa fundi uliosahaulika kitini. Akamkabidhi yeye mwenyewe mkononi, akamwambia kwa lugha ya wenyeji kwamba wale wa tiba shufaa watampigia simu, asiogope, watamfuata nyumbani.

"Asante, mwanangu," fundi alimjibu kwa lugha ile ile, sawasawa, kwa adabu tu, bila kufikiri. "Nitawangoja nyumbani."

Muuguzi akaenda zake. Binti alikuwa ameganda.

"Mama." Alisema polepole. "Umeelewa alichosema?"

"Nimeelewa."

"Na mle ndani?"

"Na mle ndani, mwanangu. Yote."

Binti aliketi palepale sakafuni, mtu mzima, mbele za watu, akalia kwa sauti kama alivyolia siku alipoachwa mara ya kwanza mlangoni mwa shule. Mama yake aliinama kwa shida mpaka akakaa naye, mgongo ukutani, akamfuta uso kwa ule mtandio. Watu waliwapita wakikwepesha miguu.

"Nisamehe, mama."

"Utarudi chuo," mama alisema. "Kesho nenda ukawaone. Mimi nimejifunza, unaona? Naweza kuja peke yangu. Naweza kuongea nao mwenyewe."

"Nikienda utabaki na nani?"

Jibu alikuwa nalo: atabaki peke yake, ataweza. Miezi yote aliyopanda zile ngazi za maktaba akihema, alikuwa akilitafuta jibu hilo, na sasa alilijua kwa lugha zote mbili. Alifungua mdomo alitoe, akaiona nyumba mchana, cherehani imefunikwa, yeye kitandani na maumivu yake, na mlangoni hakuna mtu. 

"Basi kaa," alisema. "Kaa na mimi, mwanangu. Usiende."

Aliona aibu kwa kusema hivyo. Lakini alimshika mkono binti yake kwa nguvu, na hakuyarudisha maneno yake.